Nilienda Nairobi Kumuleta Sifa

Nyinyi wa shirika letu la Mabanga, hapa Goma, tangu nirudi munaniuliza swali lile lile. Munaniuliza kwa soko, kwa foleni ya maji, hata ndani ya misa wakati wa kupeana amani. "Koko Domitila, Sifa iko wapi?" Mama Zawadi aliniuliza hivyo ameshika mukono wangu, na padri anatutazama. Nimechoka kujibu vipande vipande. Mimi niliishia kalasi ya tatu, lakini herufi sikuzisahau, na jina la mutu sijalisahau hata siku moja. Basi mukae, nianzie mwanzo.

Sifa munamujua, ni mutoto wa mwana wangu Bosco, mimi ndiye koko, bibi yake. Wakati nilikuwa ninauza maandazi kwa mulango wa kile kiwanja cha tenisi karibu na ziwa, yeye alikuwa ndani anaokota mipira ya wageni. Muzee Kalume, mulinzi wa kiwanja, alimupa raketi iliyokatika kamba, akaifunga kwa uzi wa kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Ndiyo mwanzo wake. Alipofika miaka kumi na saba alienda Nairobi kujifunza. Sasa ana makumi mbili na ine, na kucheza ndiyo kazi yake, anazunguka inchi kwa inchi na saki la raketi kwa mugongo.

Bosco alikuwa amechoka. Alituita wote kwa salon ya nyumbani akasema, "Mama, ni miaka saba. Kila nikimupigia telefone, ameshindwa. Duka la dawa la mama yake mudogo linamungoja mpaka mwisho wa mwezi, kisha wataweka mutu mwingine." Tukapatana, na Sifa mwenyewe akakubali: alikuwa na mashindano Nairobi. Akishinda muchezo wa kwanza, tunamuachilia mwaka mwingine. Akishindwa, anarudi na mimi. Walinituma mimi kwa sababu hakuna mutu ndani ya nyumba ile anayejua kunikatalia. Nikanunua kitenge kipya, kijani chenye ndege weupe, maana kwetu ukienda kumuleta binti nyumbani hauendi mikono mitupu. Unamufunika kitenge, munatembea pamoja, na watu wanaona kwamba hakufukuzwa, ameletwa.

Siku mbili mbele ya safari Sifa alinipigia peke yangu. "Koko, uniletee yale mafuta ya ng'ombe ya kuchua. Bega langu la kuume linauma. Lakini usimuambie mutu, ni siri yetu." Mimi nikaelewa kwamba Bosco asijue. Nikaahidi. Mulishike neno hilo, kwa sababu ndilo lililoniletea aibu.

Bariere

Bosco alinipeleka kwa moto, pikipiki yake, mpaka bariere ya mupakani. Nilikuwa na kitenge, chupa ya mafuta, sambaza kavu, na fromaji nzima ya kwetu Masisi, ile jibini ya mviringo mukubwa. Askari wa zamu anaitwa Patient, mama yake alikuwa anauza makala ya kupikia nyuma ya kanisa.

"Koko, uko unaenda wapi na fromaji yote hii?"

"Ninaenda kumuleta mujukuu wangu."

"Utamubadilisha na fromaji?"

Watu wote wa mustari wakacheka. Bosco hakucheka. Aliniinamia kwa sikio akasema, "Mama, usimuhurumie. Ukimuhurumia, atazeeka na ile saki." Nikamuambia arudi kazini, mimi nililea watoto saba, na huruma ninajua mahali pa kuiweka.

Kigali, na musichana wa saki ndefu

Nililala kwa Consolata, mutoto wa dada ya marehemu mume wangu, na asubuhi nikapanda bisi ya kwenda Kampala na Nairobi. Nilikuta kelele kwa mulango. Musichana murefu alikuwa anabishana na Hassani, shofere wa bisi.

"Mizigo yote inaenda chini," Hassani alisema.

"Hii hapana. Hii inakaa kwa magoti yangu."

"Kwani ni mutoto?"

"Mutoto angalau analia ukimukanyaga. Hii ikivunjika inavunjika kimya."

Hassani akashindwa. Musichana akaketi karibu nami, saki imetupita sote urefu. Nikamuuliza kama ndani kuna gitaa. Akasema ni raketi. Mimi nikapiga makofi. "Wewe pia! Mujukuu wangu ni muchezaji, anaitwa Sifa, wa Goma."

"Sifa wa Goma?" Aligeuka mwili mzima. "Koko, huyo tumelala chumba kimoja mara nyingi kuliko dada yangu wa tumbo moja. Mimi ni Divine, wa Bujumbura."

Yeye akasema Kirundi chake, mimi Kinyarwanda changu, na pale tulipokwama Kiswahili kilituokota. Kwa mupaka wa Gatuna tulisimama sana. Askari wa upande wa Uganda, Moses, aliinua fromaji yangu, akainusa, akaigonga kwa kidole. Alifikiri ni sabuni. Nikamukatia kipande. Akatafuna, akaita wenzake. Fromaji iliingia Uganda ikiwa nusu.

Mbele ya Mbarara

Lori la ndizi lilikuwa limepinduka, limefunga barabara. Tulikaa pale saa ine kwa jua. Wanawake wa kijiji walikuja na chai, na moja wao, Nakato, akatuwekea ndizi za kupondwa na mchuzi wa karanga kwa jani. Niliuliza sombe, majani ya muhogo. Hakujua sombe ni nini. Nilimueleza kwa mikono, majani, kutwanga, akaniletea muchicha. Nikala, nikamushukuru, lakini sombe haikuwa.

Nilitoa sambaza na fromaji, nikagawa sehemu mbili. Divine akasema hapana, aksanti. Nikamuambia, "Mutoto, mimi siwezi kutafuna na wewe unaangalia. Shika." Akashika, na baada ya hapo hakushika tena kwa adabu. Alikula sawa vile mutu aliyetoka kulima.

Hapo ndipo nilijua maisha yao. Divine alikuwa ametoka kucheza Kigali. Alishindwa, akafua nguo zake kwa sinki ya choo, zikamaliza kukauka zimefungwa juu ya saki. Usiku anawafungia wachezaji wengine kamba za raketi ili naye apate chakula. Nikamuuliza, "Kwani munashindwa mara ngapi?"

"Koko, kila juma tunaanza watu makumi tatu na mbili. Moja tu ndiye anaenda kulala bila kushindwa. Wote wengine, mimi, Sifa, hata wale wakubwa, tunashindwa kila juma."

"Na juma lingine?"

"Tunapanda bisi."

Nilimutazama. Mimi nilifikiri Sifa anashindwa kwa sababu hajui. Bosco pia anafikiri hivyo. Hakuna mutu alituambia kwamba kushindwa ni sehemu ya kazi yenyewe, sawa vile moshi kwa mutu anayepika.

Moyo ukafunguka, na mudomo ukafuata. Nikasema, "Masikini, na Sifa anacheza na lile bega lake!"

Divine akaacha kutafuna. "Koko, usiniambie mambo ya bega."

Mimi nikafikiri anaogopa habari za ugonjwa, kuna watu kama hao. Nikaendelea. Munajua vile tunafanya hapa kwetu. Mutoto akiwa mugonjwa, unamuambia jirani, unamuambia muuza nyanya, unamuambia mutu wa bisi, kwa sababu ukificha, nani atakuonyesha dawa? Nilimueleza kwamba ni la kuume, kwamba kuinua mukono juu kunamuumiza, nikamuonyesha hata chupa ya mafuta.

"Koko, tafazali," Divine alisema, akaziba masikio yake kwa mikono, kweli kabisa, mbele ya Nakato na watu wa chai. Nakato akacheka. Mimi pia nikacheka.

Nairobi, karatasi kwa ukuta

Sifa alinipokea kwa steshoni. Muone vile amekuwa: mabega mapana, miguu ya mupanda mulima, uso bado ule wa kuokota mipira. Divine alimukumbatia, akasema anaharakisha, akaenda bila kutazama nyuma. Niliona hilo, lakini sikulielewa.

Chumba cha Sifa kina vitanda vine. Kwa ukuta ameandika juma kwa juma, Kampala, Lusaka, Dar es Salaam, na pembeni ya kila moja alama ya mahali aliposhindwa. Hakuficha hata moja. Usiku huo nilimuchua bega kwa mafuta, akalala na mudomo wazi sawa vile alikuwa mutoto.

Asubuhi alienda kutazama majina ya nani anacheza na nani. Alirudi anachekelea. "Nimepata Divine. Tumecheza mara tisa. Amenishinda tano, nimemushinda ine. Lakini hajui bega. Hakuna anayejua, Koko. Wakijua tu, wanakupigia mipira ya juu mpaka mukono unakufa."

Nikaketi kwa kitanda. "Sifa, mama yangu. Siri ilikuwa ya baba yako, ama ya watu wote?"

"Umemuambia nani?"

"Divine. Kwa bisi. Nilimuonyesha na chupa."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa chini, akaanza kufunga utepe mupya kwa mukono wa raketi, anauzungusha polepole, anaukaza, anauzungusha. Mimi nilikuwa nimetoka Goma kumungojea ashinde ama ashindwe kwa nguvu zake, na sasa nilikuwa nimeweka kidole changu kwa mizani.

Wakati wa chakula cha muchana mulango uligongwa. Ni Divine. Alisimama, hakukaa.

"Sifa, koko aliniambia habari ya bega. Nilimukataza. Sasa ninajua. Nimekuja ili ujue kwamba ninajua."

"Utafanya nini?" Sifa aliuliza.

"Ile niliyosikia kwa bisi nimeiacha kwa bisi. Lakini ile nitakayoona kwa kiwanja, nitaichukua."

"Hautaona kitu."

"Tutaona."

"Wewe umekula fromaji ya koko wangu, na bado unakuja kunitisha?"

"Ilikuwa nzuri. Imebaki?"

Wakacheka wote wawili. Nikawakatia kipande cha mwisho, wakakila wamesimama, na kesho yake walikuwa wa kupigana. Mimi nimeishi miaka mingi, nimeona watu wakigombana kwa mustari wa shamba mpaka watoto wao hawasalimiane. Niliwatazama wale wasichana wawili sawa vile mutu anatazama sakramenti.

Kiwanja

Kiwanja ni cha udongo mwekundu. Mwamuzi, Bwana Odongo, anakaa kwa kiti kirefu sawa vile cha kulinda shamba la mpunga. Sifa alikuwa amenionya: hakuna vigelegele, hakuna kuita jina, watu wananyamaza mpaka mupira unakufa. Nilikaa na mama mumoja, Wanjiru, nikauma ncha ya kitenge changu.

Hesabu yao niliijua tangu maandazi: kumi na tano, makumi tatu, makumi ine. Nilimuuliza Wanjiru kwa nini haifike makumi ine na tano. Akasema yeye ana miaka makumi mbili anakuja pale na bado hajapata jibu.

Sifa kabla ya kupiga anadunda mupira mara ine, kamwe si tano, na hakanyagi mistari akitembea, anairuka. Divine yeye anaongea na kamba zake, anazinyoosha kwa vidole na kuzigombeza kama watoto. Sifa alichukua seti ya kwanza, na kwao anayechukua seti mbili ndiye ameshinda. Mungemuona! Mutoto wangu aliyeokota mipira ya watu alikuwa anapiga mupira ule mpaka udongo unaruka. Divine alicheza kama hajui lolote. Sikuona hata mupira moja wa juu. Nikasema moyoni, Mungu ambariki yule.

Divine akachukua ya pili. Katika ya tatu, wakiwa mbili kwa mbili, Sifa aliinua mukono kupiga servisi, ule mupira wa kuanzisha, na mukono ukakataa katikati. Mupira ukaanguka kwa wavu. Akashika bega, mara moja tu, kidogo, sawa vile mutu anafukuza inzi. Lakini kiwanja kizima kiliona.

Mupira uliofuata, Divine aliupiga juu, juu kabisa, mpaka nikaupoteza ndani ya jua.

Na mwingine. Na mwingine. Nilitafuna kitenge. Nilisema kwa sauti ndogo, "Huyu nilimulisha." Wanjiru akanishika goti.

Basi Sifa akafanya kitu. Aliacha kuinua mukono. Akaanza servisi yake kwa chini, tuc, sawa vile mutoto anatupia kuku mahindi. Watu wengine nyuma wakacheka. Yeye hakuwasikia. Mupira ulikuwa unaanguka karibu na wavu na kujikunja, Divine anakimbia mbio, anachelewa. Kwa servisi hiyo ya kuku ikawa tatu kwa ine, ine kwa ine, tano kwa tano. Waliocheka waliacha kucheka. Mwamuzi Odongo mwenyewe alikuwa ameinama mbele kwa kiti chake.

Ilimalizika saba kwa tano. Divine alishinda.

Kwa wavu walikumbatiana. Aliyelia ni Divine. Alikuwa anasema, "Ihangane, ihangane," ndiyo pole ya kwao, na Sifa, aliyeshindwa, ndiye alikuwa anamupangusa.

Kitenge

Divine alikuja kuketi karibu nami, bado ana udongo kwa soksi. "Umenikasirikia, Koko?"

"Kidogo."

"Ningemuachia pointi moja tu, Sifa angejua. Hangeniongelesha tena maisha yote."

Nilimupa maji.

Dada wa kutibu wachezaji, Akinyi, alitazama bega, akasema hakuna kilichokatika, apumzishe majuma matatu. Alileta barafu kwa mufuko, mufuko ukawa unateleza. Nikatoa kitenge kipya, nikakipasua kwa meno, nikafunga barafu kwa bega la mujukuu wangu, nikazungusha kifuani, fundo chini ya mukono, sawa vile tunafunga mutoto. Nilipomaliza ndipo nilikumbuka kitenge kile kilikuwa cha kazi gani.

Sifa pia alikumbuka. Alianza kutoa raketi ndani ya saki, moja moja, akaziweka kwa magoti ya Divine, amuachie. "Tulipatana, Koko. Nimeshindwa. Tunaenda."

Hakulia. Hakuomba. Nilitaka aombe, ili nimukatalie.

Nikamuuliza tu, "Majuma matatu yakiisha, kuna mashindano wapi?"

"Lusaka," alisema, kabla sijafunga mudomo. "Kisha Harare. Udongo hakuna, ni simiti, mupira unaenda mbio, servisi ya chini haitafanya kazi, itabidi nirekebishe..." Mukono wake muzima ulikuwa tayari unaonyesha hewani vile atarekebisha.

Nyinyi munajua nyumba yangu. Imejengwa juu ya jiwe jeusi la volkano, na chini ya jiwe hilo kuna nyumba nyingine, na zote mbili nilizijenga mimi. Wakati volkano ilifunika ile ya kwanza, ndugu zangu wa Masisi waliniambia niache Goma. Niliwaambia nini? Sikuwaambia kitu. Nilitafuta mabati.

"Rudisha raketi ndani ya saki," nilimuambia.

"Na Papa?"

"Papa yako nilimuzaa mimi."

Alinitazama kuona kama ninachekesha. Kisha akazirudisha, moja moja, polepole kuliko alivyozitoa, na Divine akamusaidia kufunga, kwa sababu mukono moja ulikuwa ndani ya kitenge.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na lori, haikuwa na fromaji, haikuwa na mutu wa kuongea. Askari Moses aliniuliza kama nimeleta ile sabuni. Nililala, niliamka, nilitafuta maneno ya kumuambia Bosco, sikuyapata.

Kwa bariere Patient alikuwa zamu. "Koko, mujukuu iko wapi? Ulisema unaenda kumuleta."

"Nimemuacha kazini."

Bosco alikuwa ng'ambo. Alikuja na moto mbili, moja ya mimi, moja ya Sifa, na mwenye moto ile ya pili, Justin, ameshika kofia ya kichwani tayari kwa ajili yake. Bosco alitazama nyuma yangu, akangojea watu wapite, akatazama tena.

"Alishinda?" aliuliza, na uso wake, niwaambie ukweli, ulikuwa umefurahi kabla ya kujua.

"Alishindwa."

"Na iko wapi?"

"Yuko kazini, Bosco."

Alimuambia Justin aende. Alifunga muzigo wangu, nikapanda, tukaondoka. Tulipofika karibu na rond-point, pale muzunguko wa barabara, nilisikia sauti yake juu ya kelele ya masheni ya moto. "Alishindwa vipi?"

Nikaanza. Nilimueleza mipira ine ya kudunda, mistari asiyoikanyaga, seti ya kwanza yote. Nilimuambia bega, nilimuambia na kosa langu la kwa bisi. Nilimuambia mipira ya juu, na servisi ya kuku, na wale waliocheka, mpaka tano kwa tano. Alikuwa anaendesha polepole sana, chukudu, zile baisikeli za mbao, zilikuwa zinatupita.

Tulifika kwa mulango wa nyumba hapa Mabanga. Alizima masheni. Mimi nikashusha muguu moja, lakini yeye hakushuka. Alibaki ameshika usukani, anatazama mbele kama barabara bado inaendelea.

"Usishuke, Mama," alisema. "Ulisema walikuwa tano kwa tano."